Waya wa Mfaume

Tekla alibonyeza kitufe tena, akangoja. Kioo cha kompyuta kikaleta maneno yaleyale ya tangu jana, kwamba kifaa hakijibu, kisha kikatulia, alama ndogo ya kijani ikipepesa pembeni.

"Bado?" Nikodemu aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, mkuu."

Nikodemu alikuwa mkuu wa kambi, mtu wa utawala aliyefundisha shule huko Masasi kabla shirika la mafuta halijamchukua. Hakujidai kuijua mitambo. Mhandisi aliyeisimamia alikuwa ameitwa Dar es Salaam msibani, na kisima cha gesi kilikuwa kifunguliwe kesho yake. Kwa hiyo siku ile, katika kisiwa kizima cha Songo Songo, mtu wa kuisemesha kompyuta ile alikuwa Tekla peke yake, binti wa Kimakonde aliyetoka chuo cha ufundi, mwembamba, mwenye kalamu siku zote nyuma ya sikio.

Walikuwa ndani ya sanduku la chuma lenye ukubwa wa chumba, lililowekwa mbali kidogo na kisima. Mezani palikuwa na kompyuta, na kando yake vipimo vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: cha presha, cha joto, na cha mtiririko wa gesi. Waya mrefu ulitoka kisimani, ukapita chini ya vichaka na kuingia kwa tundu la ukutani. Kazi ya kompyuta ilikuwa kuviita vipimo vile kimoja kimoja, kuchukua namba zao na kuzihifadhi. Gesi ikishaanza kutoka, namba za mwanzo ndizo zinazosema kisima kina nini tumboni. Zikipotea, zimepotea pamoja na gesi yake.

"Nimezungumza na Kilwa Masoko kwa simu ya upepo," Nikodemu alisema. Aliingia, akaufunga mlango nyuma yake. "Boti itafika na maji ya alasiri. Kuna askari."

"Askari wa nini, mkuu?"

"Wa Mfaume."

Tekla aliiondoa mikono yake mezani.

Mfaume alikuwa mwenyeji wa kisiwa, mtu wa makamo, kibarua wa nyaya. Yeye ndiye aliyeutandika upya waya wa kisimani wiki ile, akaufukia vizuri usigugunwe na panya. Na jana, kompyuta ilipogoma, mlinzi wa kambi alileta habari kwamba ameona kipande cha waya uleule kijijini, nyumbani kwa Mfaume, kimefungwa juu ya mnazi.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi. Redio ilitangaza habari zao asubuhi na jioni. Watu walizika sabuni mashambani, wakatupa sukari baharini, na jirani akaanza kumpima jirani kwa macho. Mtambo wa serikali umegoma, waya wa serikali uko juu ya mnazi. Hakuhitajika msomi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

"Mkuu, waya ni mzima," Tekla alisema. "Tazama hapa. Vipimo vyenyewe vinasoma. Hiki kinaonyesha presha, hiki joto. Waya ungekuwa umekatwa, hapa pangekuwa patupu. Kosa liko humu ndani, kati ya vipimo na kompyuta."

"Kosa gani?"

"Sijalijua."

Nikodemu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Sasa Dar es Salaam nitawaambia nini? Kwamba si waya, ila hatujui ni nini? Ndugu Tekla, nisiporipoti mimi, nitaripotiwa. Nina watoto."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomtia Tekla hofu.

Alikwisha kuona jambo likishaagizwa linavyokwenda. Alikuwa msichana wa shule ya msingi lori lilipofika kwao, ndani kabisa nyuma ya Ndanda, kuwapeleka kwenye kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Baba yake alikuwa na hoja. Mikorosho ilikuwa inatoa maua, aachwe avune kwanza. Dereva alimsikiliza vizuri, akakubali kwamba hoja ni ya haki, kisha akasema kwamba lori haliwezi kurudi tupu. Wakapakia. Kijiji kile baadaye kilikuwa na raha zake, na Tekla aliyakumbuka kwa upendo mashindano ya kwaya, shamba la pamoja ambako watoto walikula mahindi mabichi kwa kujificha, na mwalimu wa sayansi aliyewafungulia redio mbovu waone kilichomo. Bila shule ile asingefika chuo. Lakini kila msimu baba yake alitembea kurudi kuitazama mikorosho yake.

"Naomba nikakione hicho kipande," Tekla alisema.

"Kakione. Lakini urudi mapema."

Njia ya kijijini ilipita mchangani, kati ya minazi na mashimo ya kaa. Nyumbani kwa Mfaume mlango ulikuwa wazi. Mke wake, Somoe, alikuwa ameinama akifunga mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga katika kitambaa. Mfaume mwenyewe alikaa barazani, amevaa shati safi lililonyooshwa kwa pasi. Tekla alielewa mara moja shati lile lilivaliwa kwa safari gani.

"Hodi."

"Karibu, wifi." Somoe alimwita wifi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Tekla alimwita Mfaume kaka, na kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, mtu hawezi kukaa kisiwani bila kuwa wifi wa mtu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wameshafika?"

"Bado. Nimekuja kuutazama waya."

Mfaume alimwonyesha kwa kidevu. Waya ulitoka kwenye redio ndogo iliyokaa dirishani, ukapanda mnazi hadi karibu na makuti.

"Ilikuwa haishiki," alisema. "Ukifungua unasikia upepo tu. Mama yake Somoe yuko Lindi, hali yake si nzuri. Wakitangaza vifo, sisi huku tutajuaje? Nilipomaliza kutandika ule wa kisimani, ncha ikabaki, inakanyagwa na watu. Nikaichukua."

"Uliomba?"

"Sikuomba." Aliitazama mikono yake. "Ningeomba ningeambiwa hapana. Kanuni si inasema hata msumari hautoki kambini?"

Tekla alishika mwisho wa waya, akaugeuza. Ulikuwa bado na kile kifuniko cheusi cha plastiki ambacho huwekwa mwisho kabisa wa roli. Mfaume alikuwa anasema kweli. Ilikuwa ncha iliyobaki, wala haikukatwa katikati. Lakini ilikuwa ncha ya shirika.

"Fundi," Mfaume alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Ule waya niliutandika vizuri. Kama nimekosea pahala, niambie. Mwizi nitaitwa, sina la kujitetea. Lakini kazi mbovu sijafanya."

"Kazi yako ni nzuri, kaka."

"Basi."

Somoe alikaza fundo la kitambaa. "Wifi, huko wanakowapeleka, watu wanakaa muda gani?"

Tekla hakujua, na hakutaka kubahatisha. Alimwambia kwamba anarudi kazini, kwamba mchana bado ni mrefu.

Aliporudi alizima kila kitu. Akachomoa nyaya zote fupi zilizounganisha vipimo na kompyuta, akazipanga mezani kama mtu anayechambua dagaa. Nikodemu alikuwa ameketi kwenye sanduku la vipuri. Hakuwa na sababu ya kuwamo mle, lakini ofisini kulikuwa na simu ya upepo, na kwa muda ule hakutaka kuwa karibu nayo.

"Unafanyaje?" aliuliza.

"Wakiwa wengi hawasemi. Nitawahoji mmoja mmoja."

Alianza na nyaya. Alizipima zote kwa mita, na mshale ukaruka kila mara. Nyaya zilikuwa nzima. Kisha akaunganisha kipimo cha joto peke yake, akakiita kwa kompyuta. Namba ikatokea kiooni, safi kabisa. Nikodemu aliinuka kidogo, akakaa tena. Tekla akachomoa cha joto, akaweka cha mtiririko. Hicho nacho kikajibu. Akaweka cha presha.

Kimya. Kisha maneno yale ya jana.

"Ndicho hicho," Nikodemu alisema. "Kimekufa."

"Hakijafa. Si unaona kinasoma?" Usoni mwa kipimo namba nyekundu zilikuwa zinawaka bila wasiwasi wowote. "Kinasoma, ila hakiitiki."

Kipimo kile kilikuwa kimepelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, kikarudi wiki ileile Mfaume alipokuwa anatandika waya. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, na kila mtu akalitazama lile lililoonekana kwa nje. Tekla alivuta kiti. Kila kipimo kilikuwa na namba yake, ambayo kompyuta hukiitia. Aliacha kukiita cha presha kwa namba yake. Akakiita kwa namba moja, kimya. Akakiita kwa nyingine, kimya. Kutoka msikitini kijijini ilisikika adhana ya adhuhuri, mbali, ikipandishwa na kushushwa na upepo. Akaandika namba ya kipimo cha mtiririko, ambacho wakati ule kilikuwa mezani, kimechomolewa, hakina hata umeme.

Namba ya presha ikatokea kiooni.

Tekla aliitazama. Aliirudia mara nyingine, ili awe na hakika, na ikatokea tena.

"Kinaitika jina la mwenzake," alisema taratibu.

"Nini?"

"Vyote viwili vina jina moja, mkuu. Kompyuta ikiita, vinajibu kwa pamoja, haisikii neno hata moja, inashindwa hata kuendelea na cha joto. Na ikiita jina la huyu la zamani, hakuna mtu." Alikigeuza kipimo. Nyuma yake, chini ya vumbi, palikuwa na swichi ndogo sana, nyembamba kama punje za mchele, zimepangwa safu moja. "Huko walikotengeneza wamekipa namba yao ya kukijaribia. Hawakukosa. Walisahau tu kuirudisha."

Alichomoa kalamu nyuma ya sikio, akazisogeza swichi mbili kwa ncha yake. Kisha akaviunganisha vipimo vyote vitatu, akaviwasha, akabonyeza kitufe. Presha. Joto. Mtiririko. Namba zikaanza kushuka kiooni kwa mstari, moja chini ya nyingine.

Nikodemu alivua miwani tena. Safari hii hakuifuta kwa shati, alifuta macho.

Siku hizo watu wa pwani ile waliizungumza gesi kama mgeni aliyekwisha kushuka bandarini, kilichobaki ni kumleta nyumbani. Lindi ingewaka taa mpaka vichochoroni. Kilwa Masoko kungejengwa kiwanda cha mbolea. Tekla mwenyewe aliyaamini mambo hayo, na namba zile zilipokuwa zinashuka alizitazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza. Lakini nje injini ya boti ilikuwa imeanza kusikika.

Askari alikuwa mmoja, mtu mzima aitwaye Abdulrahmani, kofia mkononi, uso bado umepauka kwa mawimbi. Alipewa kiti kwenye baraza ya ofisi na maji ya kunywa. Mfaume alikuwa ameshaletwa na mlinzi. Alisimama chini ya ngazi, shati lake safi limelowa jasho mgongoni, kifurushi cha Somoe kwapani.

Nikodemu alieleza yote. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mwalimu. Kosa limeonekana, limeondolewa, hakuna hujuma.

"Alhamdulillahi," Abdulrahmani alisema, na alimaanisha. Akanywa maji. "Na huo waya wa juu ya mnazi?"

Nikodemu aligeuka kumtazama Mfaume.

"Ni wa shirika au si wa shirika?"

"Ni wa shirika."

"Nani alimpa?"

Upepo uliyapeperusha makaratasi ofisini. Abdulrahmani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa kuvuka maji, na swali lake lilikuwa la haki. Mfaume aliinua uso, akafungua kinywa.

"Nilimpa mimi," Tekla alisema.

Tangu asubuhi alikuwa akitafuta ukweli mmoja mdogo, swichi hadi swichi, na alikuwa ameupata. Sasa alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kitu kingine, kwa utulivu uleule.

"Kilikuwa kipande kisichofaa kwa kazi," aliendelea. "Nikampa."

"Una mamlaka ya kutoa mali ya shirika?"

"Sina, afande."

"Fundi..." Mfaume alianza.

"Nilikupa, kaka. Umesahau tu."

Mfaume alimtazama, kisha akainamisha kichwa. Aibu ile haikuwa ya mtu aliyekamatwa. Ilikuwa ya mtu aliyelipiwa deni mbele za watu. Nikodemu naye alikuwa akimtazama Tekla. Alijua. Kama kulikuwa na mtu kambini aliyetunza kanuni za vifaa hadi msumari wa mwisho, alikuwa Tekla.

"Hilo ni jambo la nidhamu ya kambi, afande," Nikodemu alisema hatimaye. "Nitalishughulikia mwenyewe."

Abdulrahmani aliigeuzageuza kofia yake. "Sawa," alisema. "Lakini nimeandikiwa safari, na safari lazima iwe na jibu. Nipeni huo waya."

Ukaletwa. Mfaume mwenyewe alipanda mnazi kuufungua. Ukaviringishwa, ukatiwa ndani ya boti, ukaondoka kwenda Kilwa Masoko pamoja na askari wake.

Nikodemu alilishughulikia jambo lile kama alivyoahidi. Tekla alionywa, na ikaamuliwa kwamba majaribio ya kisima yakiisha atahamishiwa ghalani, Dar es Salaam, kwenye kazi ya kupokea na kutoa vipuri. Mhandisi aliporudi kutoka msibani alijaribu kumtetea, lakini lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mfaume hakufukuzwa. Aliendelea kufukia nyaya na kuzifukua, ila hakuingia tena katika chumba cha mitambo. Akitakiwa kuleta kitu, alisimama nje ya mlango akanyoosha mkono, na hata Tekla alipomwambia apite ndani kwenye ubaridi, alijibu kwamba viatu vyake vina mchanga.

Redio ya dirishani ikarudi kusema upepo. Basi jioni Tekla alikaa kwenye redio ya kantini, akasikiliza matangazo ya vifo mpaka mwisho, kisha akatembea hadi kwa Somoe.

"Hajatajwa, wifi."

"Haya. Mungu akulipe. Kaa basi."

Naye akakaa.

Alipokuwa mwanamke mzee, anayeishi Mtwara na wajukuu wanaomuuliza habari za kisiwa kile, Tekla hakuanza na kompyuta wala askari. Alianza na kuku. Kisima kilipofunguliwa, gesi iliwashwa kwenye bomba lililoelekezwa baharini, na mwali wake ukasimama mrefu kuliko mnazi, ukinguruma usiku na mchana. Kuku wa Songo Songo, alisema, walipoteza saa ya kulala. Walizurura uani wakidonoa vivuli vyao, na majogoo waliwika ovyo mpaka sauti zikawakauka. Mafuta ya taa hayakupatikana dukani mwaka ule. Watu waliokwisha kuzoea kulala na giza waligundua kwamba wana jioni tena.

Wanawake walitandika mikeka nje, kila nyumba mbele ya mlango wake, wakasuka ukili katika mwanga ule wa rangi ya chungwa. Walisuka wakizungumza, wakiutania Umakonde wa Tekla na vidole vyake vilivyojua nyaya lakini havikujua majani ya miyaa. Somoe alimfundisha. Alimfumulia, akamrudisha mwanzo, akamfumulia tena.

Jioni ya mwisho ya mwali ule Tekla alikuja na habari zilezile za kila siku, kwamba jina halikutajwa, akaketi ukingoni mwa mkeka. Zamu ilikuwa ya mhandisi. Magharibi ilikuwa imeshasaliwa. Mfaume alikuwa kisimani na wenzake, kwenye vali za kufungia gesi.

Ngurumo ilianza kupungua. Mwali ulifupika, ukawa kimo cha mtu, ukawa kimo cha mtoto, ukachezacheza kwenye mdomo wa bomba, ukazimika. Giza lilikuja lote kwa mara moja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kisima kifunguliwe, ikasikika bahari.

"Wamefunga," mtu mmoja alisema.

Tekla alijua kwamba kazi haijaisha. Sasa ndipo presha inapoanza kupanda kule chini, kimyakimya, na kompyuta inaita, inaandika, inaita tena. Alipaswa kwenda kumpokea mhandisi zamu. Alingoja wanawake wainuke, waviringishe mikeka, waite watoto.

Hakuinuka mtu. Katika giza lile miyaa iliendelea kukwaruzana, mikono ikienda bila kutazamwa, na upande wake wa kulia Somoe akamsogezea fungu jingine.